Maumivu Sugu ya Mgongo na Magoti: Somo la Kusogeza Mwili, Kutuliza Akili na Kupanga Mlo

Katika jamii inayoishi kwa jembe, ndoo ya maji kichwani na mzigo mgongoni, maumivu ya kiuno, mgongo na magoti huonekana kuwa sehemu ya maisha. Mkulima huamka akiwa amekakamaa, akajikongoja hadi shambani, na jioni akapita dukani kununua vidonge vya kumfikisha kesho. Miezi hupita, kisha miaka. Maumivu hayaishi, nguvu hupungua, eneo linalolimwa huwa dogo kila msimu, na wakati mwingine vidonge vile vile vilivyokuwa msaada huanza kuharibu tumbo na figo.

Somo hili linaeleza njia nyingine ambayo haina gharama kubwa na inaweza kufuatwa nyumbani: mazoezi ya yoga, kutafakari na mlo bora. Njia hii haifuti maumivu kwa siku moja, wala haichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari. Inachokusudia ni kumrudishia mtu uwezo wa kufanya kazi, kulala usingizi na kuishi na watu wake, huku maumivu yakipungua taratibu na vidonge vikibaki kuwa msaada wa muda.

Maumivu sugu ni nini

Wataalamu huyaita maumivu kuwa sugu yanapodumu au kujirudia kwa zaidi ya miezi mitatu. Maumivu ya ghafla, kama ya mtu aliyejikata kwa panga au kuteguka kifundo cha mguu, ni taarifa muhimu: mwili unasema pana jeraha, sehemu hiyo ipumzishwe. Jeraha likipona, maumivu huondoka. Maumivu sugu hayafuati kanuni hiyo. Huendelea hata pale ambapo picha ya eksirei haionyeshi jambo kubwa.

Tatizo hili ni la dunia nzima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa wakiishi na maumivu ya mgongo wa chini, na kwamba idadi hiyo inaweza kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Maumivu hayo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kutimiza shughuli zao.

Kwa nini maumivu hubaki

Mwaka 1965, Ronald Melzack wa Canada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi mithili ya lango. Taarifa za maumivu zinapopanda kuelekea kwenye ubongo, lango hilo huweza kuziruhusu kwa wingi au kuzipunguza, na ubongo wenyewe unashiriki katika uamuzi huo. Hofu, kukosa usingizi, huzuni na kukaa bila kusogea hulifungua zaidi. Utulivu, mwendo wa mwili na matumaini hulifunga kwa kiasi.

Mfano wa mbwa wa ulinzi unaweza kusaidia. Mwizi akija, mbwa hubweka, na hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mbwa aliyeshtushwa mara nyingi huanza kubweka hata jani likianguka. Mishipa ya fahamu iliyopokea maumivu kwa muda mrefu huwa hivyo: hupiga kelele kwa jambo dogo. Maumivu ya mgonjwa ni ya kweli, hayazui wala hajifanyishi, ila ukali wake haulingani tena na ukubwa wa jeraha. Mbwa wa namna hiyo hatulizwi kwa fimbo. Hufundishwa upya, kidogo kidogo, kwamba hapana hatari. Mazoezi, utulivu wa akili na mlo hufanya kazi hiyo ya kuufundisha mwili upya.

Kutokana na hilo, ushauri wa zamani wa kulala kitandani hadi maumivu yaishe umeachwa. Misuli isiyotumika hudhoofika, viungo hukakamaa, na mtu akijaribu kusimama huumia zaidi, hivyo hurudi kulala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini umeyapa nafasi kubwa elimu kwa mgonjwa, mazoezi yaliyopangwa na msaada wa kisaikolojia. Mwongozo huo haupendekezi mikanda ya kufunga kiunoni kuwa tiba ya kawaida, wala dawa kali za jamii ya afyuni.

Vidonge vya kila siku na gharama yake

Diklofenaki na ibuprofeni ni dawa za jamii moja. Zina manufaa zikitumika kwa siku chache na kwa maelekezo ya mtaalamu. Hatari huanza pale zinapogeuzwa kuwa chakula cha kila siku. Dawa hizi huweza kusababisha vidonda vya tumbo na kuvuja damu ndani ya tumbo, kupandisha shinikizo la damu, kuongeza uwezekano wa maradhi ya moyo na kudhuru figo. Hatari ni kubwa zaidi kwa wazee, wenye shinikizo la damu, wenye kisukari, wenye maradhi ya figo, na hata kwa mtu anayefanya kazi juani siku nzima bila kunywa maji ya kutosha. Mjamzito hapaswi kuzitumia bila ushauri wa mhudumu wa afya.

Figo haina desturi ya kulalamika mapema. Mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo zake bila kuhisi chochote, na siku atakapovimba miguu na uso, madhara yanaweza kuwa yamefika mbali. Familia iliyowahi kumuuguza mgonjwa anayehitaji kusafishwa damu inaelewa uzito wa neno hili.

Parasetamoli nayo ina mpaka wake. Mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengine huhitaji pungufu ya hapo. Kuzidisha huharibu ini. Kadhalika, unga na vidonge visivyo na lebo vinavyouzwa mnadani kwa sifa ya “kumaliza maumivu yote” viepukwe kabisa. Katika nchi mbalimbali, dawa za namna hiyo zimewahi kubainika kuchanganywa na steroidi kwa siri. Mtumiaji hupata nafuu ya haraka, kisha uso huvimba, sukari na shinikizo la damu hupanda na mifupa hudhoofika.

Hata hivyo, anayetumia dawa alizoandikiwa na daktari asiziache ghafla kwa sababu ya somo hili. Arudi kwa aliyemwandikia ili wapange pamoja namna ya kupunguza.

Dalili zisizosubiri mazoezi

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kabla ya kuanza mazoezi yoyote, mwenye maumivu ahakikishe hana dalili zifuatazo. Akiwa na mojawapo, aende kituo cha kutolea huduma za afya bila kuchelewa:

• Ganzi sehemu za siri au mapajani kwa ndani, kushindwa kuzuia haja, mkojo kugoma kutoka, au miguu kupoteza nguvu. Hii ni dharura ya siku hiyo hiyo.
• Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka, kugongwa au ajali ya pikipiki.
• Homa, jasho jingi usiku au kupungua uzito bila sababu. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu pekee, bali huweza pia kushambulia uti wa mgongo. Uchunguzi na matibabu yake hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.
• Homa inayokuja na kuondoka pamoja na maumivu ya kiuno na viungo kwa mfugaji, mchinjaji au anayekunywa maziwa yasiyochemshwa. Huenda ni ugonjwa unaofahamika kwa wafugaji kwa kutupisha mimba mifugo, nao huambukiza binadamu.
• Maumivu makali ya usiku yasiyopungua kwa mkao wowote, hasa kwa aliyewahi kuugua saratani.
• Goti au kiungo kuvimba ghafla, kuwa chekundu na cha moto.
• Miguu kuwaka moto au kufa ganzi. Hapo sukari ya damu ipimwe.

Mgonjwa wa selimundu anayepata maumivu makali ya ghafla naye asijitibu kwa mazoezi. Awahi hospitali.

Yoga na ushahidi wake

Yoga ni elimu ya kale iliyotoka India. Inaunganisha mikao ya mwili, pumzi na utulivu wa akili. Desemba 2014, Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga. Katika asili yake yoga ina mafungamano na dini za India, na baadhi ya waumini wa dini nyingine huisita kwa sababu hiyo. Mazoezi yaliyoelezwa katika somo hili ni ya kunyoosha viungo na kupumua tu. Hayana maneno ya kukariri wala ibada, na hayamtaki mtu kubadili imani yake.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston, Marekani, kwa watu wazima 320 wenye maumivu sugu ya mgongo wa chini, wengi wao wakiwa na kipato kidogo. Baada ya wiki 12, waliofanya yoga walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya waliohudumiwa na wataalamu wa fiziotherapia. Mwaka huo huo, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kuwa matibabu ya maumivu sugu ya mgongo yaanze na njia zisizo za dawa, yoga na kutafakari zikiwamo.

Ukweli usemwe wote: nafuu inayopatikana kwa kawaida ni ya kiasi, na baadhi ya watu huumia zaidi katika siku za mwanzo, hasa wanaoanza kwa pupa. Anayeahidi muujiza apuuzwe.

Mazoezi sita ya kuanzia

Yanahitajika mkeka, kanga au shuka, na kiti imara. Mazoezi yafanyike angalau saa mbili baada ya kula. Pumzi isizuiliwe wakati wowote, hasa kwa wenye shinikizo la damu. Wajawazito, waliofanyiwa upasuaji karibuni, na wazee waliowahi kuvunjika mfupa kwa mwanguko mdogo wapate kwanza ushauri wa mtaalamu.

1. Kulala na kupumua. Mhusika alale chali, akunje magoti, nyayo zikae sakafuni. Mkono mmoja uwe tumboni. Avute pumzi kwa pua hadi tumbo linyanyuke, kisha aitoe polepole. Arudie mara 10.

2. Kukandamiza kiuno. Akiwa katika mkao huo huo, akaze misuli ya tumbo taratibu hadi kiuno kiguse mkeka. Ahesabu hadi 5, aachie. Arudie mara 10.

3. Goti kifuani. Ashike nyuma ya paja la mguu mmoja na kulivuta goti kuelekea kifuani bila kulazimisha. Akae hapo kwa pumzi tano, kisha abadili mguu. Arudie mara tatu kila upande.

4. Mgongo wa paka. Apige magoti na kuweka viganja sakafuni. Akitoa pumzi, ainue mgongo juu kama paka anayejinyoosha. Akivuta pumzi, aushushe polepole. Arudie mara 10. Mwenye magoti mabovu afanye akiwa amesimama, viganja vikiwa juu ya meza.

5. Kunyoosha mguu kwa kanga. Akiwa amelala chali, azungushe kanga kwenye unyayo wa mguu mmoja, ashike ncha zote mbili na kuuinua mguu hadi ahisi mvuto nyuma ya paja. Goti linaweza kukunjwa kidogo. Pumzi tano kila upande, mara mbili.

6. Kuketi na kusimama. Kiti kiegemezwe ukutani. Akae, miguu ikiwa imeachana kidogo, kisha asimame bila kujivuta kwa mikono ikiwezekana, na aketi tena polepole. Mara 8. Zoezi hili huimarisha misuli ya mapaja, ambayo ndiyo hulisaidia goti kubeba mwili.

Kipimo cha usalama ni rahisi. Mhusika ayape maumivu yake alama, 0 ikiwa hakuna maumivu na 10 ikiwa ni maumivu yasiyovumilika. Maumivu yakipanda kwa alama moja au mbili wakati wa zoezi na kurudi yalivyokuwa kufikia kesho yake, hapana madhara. Yakipanda zaidi ya hapo, au yakichoma kama umeme kushuka mguuni, zoezi hilo liachwe na mtaalamu aulizwe.

Kutafakari: kuituliza akili ili mwili upumue

Mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa waliokuwa wameteswa na maumivu kwa muda mrefu. Hawakufundishwa kuyakimbia maumivu. Walifundishwa kuyatazama bila kuyaogopa, na kuirejesha akili kwenye pumzi kila inapotangatanga.

Mafunzo ya aina hiyo yalijaribiwa katika jimbo la Washington, Marekani, kwa watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya mgongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya wiki 26, takribani watu 61 katika kila 100 waliopata mafunzo hayo walikuwa wameboresha kwa kiwango cha maana uwezo wao wa kufanya shughuli, ikilinganishwa na 44 katika kila 100 walioendelea na huduma za kawaida.

Namna ya kuanza ni hii. Mhusika atafute mahali tulivu, alfajiri kabla nyumba haijaamka au usiku baada ya chakula. Akae au alale, afumbe macho. Avute pumzi akihesabu hadi 4, aitoe akihesabu hadi 6. Baada ya pumzi kumi, aipeleke akili kwenye vidole vya miguu, kisha nyayo, vifundo, magoti, mapaja, kiuno, na kupanda hivyo hadi utosini. Akifika penye maumivu asikaze uso wala asikimbie. Atambue tu: “Hapa panauma,” atoe pumzi, aendelee. Akili ikienda kwenye ada ya shule au bei ya mbolea, airudishe bila kujilaumu. Dakika 5 zinatosha kwa kuanzia.

Anayeswali au kusali kila siku tayari anao muda wa utulivu, na anaweza kuunganisha pumzi hizi na muda huo kwa namna inayolingana na imani yake.

Mwenye maumivu sugu mara nyingi huandamwa pia na huzuni, hasira na usingizi wa mang'amung'amu. Hayo si udhaifu wa tabia. Yasemwe kwa mhudumu wa afya kama yanavyosemwa maumivu yenyewe, kwa kuwa nayo yana tiba. Wanafamilia nao wana wajibu: kumwita mgonjwa mvivu huongeza maumivu, na kumfanyia kila kitu humdhoofisha. Aachiwe kazi anazoziweza.

Mlo unaosaidia

Hakuna chakula kimoja kinachoponya maumivu sugu. Hata hivyo, mlo huathiri uzito, mifupa, misuli, sukari ya damu na hali ya uvimbe ndani ya mwili, na yote hayo hugusa maumivu.

Uzito ndio unaogusa magoti zaidi. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2005 kuwa kila kilo moja inayopungua mwilini hulipunguzia goti takribani kilo nne za mzigo katika kila hatua. Mtu aliyepunguza kilo 5 huwa ameliondolea goti mzigo wa kilo 20, sawa na ndoo kubwa ya maji, kila anapokanyaga. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia watu 454 wenye uzito mkubwa na magoti yaliyolika kwa miezi 18, ulionyesha kuwa mlo na mazoezi kwa pamoja vilileta nafuu zaidi kuliko mazoezi pekee.

Sahani ipangwe hivi: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, na robo iwe chakula cha kujenga mwili. Vyakula vyake vinapatikana shambani na sokoni:

• Mboga na matunda: mchicha, matembele, majani ya maboga, kisamvu, nyanya, karoti, mapapai, maembe, machungwa, mapera. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 kwa siku.
• Wanga: ugali wa dona, mtama, ulezi, viazi vitamu, ndizi. Dona itokane na mahindi yaliyokaushwa vizuri na yasiyo na ukungu, kwa tahadhari ya sumukuvu.
• Vyakula vya kujenga mwili: maharage, kunde, choroko, karanga, dagaa, samaki, mayai, maziwa yaliyochemshwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao huupa mwili pia madini ya kalisi kwa ajili ya mifupa.

Vya kupunguza ni soda, chai yenye sukari nyingi, vyakula vya kukaangwa kwa mafuta mengi, pombe na chumvi. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takribani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Mwenye kisukari au maradhi ya figo afuate mlo aliopangiwa. Mwenye jongo, ugonjwa unaovimbisha vidole na viungo kwa ghafla, apunguze nyama nyekundu, maini, figo, pombe na pia dagaa, na amwone daktari kwa dawa.

Kazi ipangwe, isiachwe

Chukulia mkulima ambaye siku akijisikia nafuu hulima tangu asubuhi hadi jioni, kisha hulala siku tatu kwa maumivu. Kwa wiki amefanya kazi siku mbili tu. Akilima dakika 20, akapumzika dakika 5 huku akijinyoosha, kisha akaendelea kwa saa chache kila siku, wiki humalizika akiwa amelima zaidi na kuumia kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Mpini wa jembe uwe mrefu kiasi cha kumwezesha mlimaji asiiname sana. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa takribani kilo 20. Ni afadhali kubeba mara mbili lita 10, au kutumia baiskeli na mkokoteni. Anayeinua mzigo akunje magoti, auweke karibu na mwili, na asijipinde kiuno akiwa ameushika. Fundi cherehani, dereva wa bodaboda na muuza duka, ambao hukaa muda mrefu, wainuke na kutembea kidogo kila baada ya nusu saa.

Ratiba ya wiki nane

Wiki ya 1 na 2: mazoezi namba 1 hadi 3, dakika 5 kwa siku. Kutembea dakika 10. Kutafakari dakika 5.

Wiki ya 3 na 4: kuongeza zoezi namba 4 na 5, dakika 10. Kutembea dakika 15. Kutafakari dakika 5.

Wiki ya 5 na 6: mazoezi yote sita, dakika 15. Kutembea dakika 20. Kutafakari dakika 10.

Wiki ya 7 na 8: mazoezi yote, dakika 20. Kutembea dakika 30 kwa siku tano za wiki, ambazo hutimiza dakika 150 zinazoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima. Kutafakari dakika 15.

Mhusika aandike kila jioni katika daftari mambo matatu: alama ya maumivu, saa alizolala, na kazi aliyoweza kufanya. Mara nyingi kazi na usingizi huanza kuboreka kabla alama ya maumivu haijashuka, na asiyeandika huenda asilione hilo akakata tamaa. Siku maumivu yakizidi, mazoezi yapunguzwe nusu lakini yasiachwe kabisa.

Huduma zilipo

Safari ya mwenye maumivu sugu huanzia zahanati, ambako atasikilizwa, atapimwa shinikizo la damu na kuangaliwa dalili za hatari. Aende na dawa zote anazotumia, zikiwamo za dukani na za asili, na azitaje bila hofu. Akihitaji vipimo zaidi atapewa rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na kutoka huko anaweza kupelekwa hospitali ya rufaa kwa mtaalamu wa fiziotherapia au wa mifupa. Anayetumia vidonge vya maumivu mara kwa mara aulizie kipimo cha figo.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni wa kuulizwa kijijini kabla ya safari. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka, ni nafasi ya kupata elimu ya mlo. Afisa lishe wa Halmashauri hushauri kuhusu mlo wa wenye uzito mkubwa, kisukari na maradhi mengine. Wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo waulizie kwa afisa ustawi wa jamii utaratibu wa msamaha wa gharama za matibabu.

Vikundi vya wanawake, vijana na wazee vinaweza kufanya mazoezi haya pamoja kabla ya mikutano yao, kwenye uwanja wa shule au kivuli cha mti. Anayefanya na wenzake hudumu zaidi kuliko anayefanya peke yake, na kudumu ndiko kunakoleta nafuu.